Fundi wa Mnara Niliyemcheka Gazetini

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa jikoni nikikaanga mayai, redio ikiwa juu ya friji kama kawaida yake, ulipofika wakati wa matangazo ya vifo. Sisi tunaoishi Busia tunasikia redio za pande zote mbili za mpaka, na stesheni ninayoipenda hutangaza kutoka upande wa Uganda. Matangazo yake husomwa kwa Kidhopadhola, kisha Kiateso, kisha Kiswahili, kwa hiyo hata ukipitwa mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu utapata habari. Mtangazaji alitaja jina kamili la mtu, akataja kijiji kimoja karibu na Nagongera, akataja mjane na watoto watano, akataja siku ya maziko. Jina lenyewe halikunishtua, maana sikuwa nimezoea kulisikia. Kisha akaongeza kwa sauti ileile tulivu, "aliyejulikana na wengi kama Bwana Harusi." Nilizima jiko. Mke wangu, aliyekuwa akimenya viazi mezani, akaniuliza, "Bwana Harusi ndiye nani tena?" Nikamjibu kwamba ni fundi mmoja wa kule ng'ambo niliyewahi kukutana naye. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Jina la Bwana Harusi marehemu hakupewa na wazazi wake, wala na marika wake, wala na mke wake. Nilimpa mimi, katika safu hii hii, na wasomaji wangu wa siku nyingi pengine bado mnakumbuka mlivyocheka.

Kwa wale msiokumbuka, nitaanza mwanzo. Miaka michache iliyopita, upande wa Busia ya Uganda, nje kidogo ya mji, palikuwa na karakana ya kupaka vyuma zinki. Minyororo ya malori, ndoano za matrela, fremu za mageti, vyote vilipelekwa pale vikiwa vimeliwa na kutu, vikatoka vinang'aa. Lakini kabla chuma hakijachovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, sharti kwanza kilale kwenye birika la asidi hadi kutu yote itoke, na birika hilo hutoa mvuke. Ukiuvuta mvuke huo pua inawaka na macho yanabubujika. Ukitua juu ya bati, bati linalika. Majirani walikuwa wamelalamika mwaka mzima. Nyumba ambazo hazikuwa na umri wowote zilikuwa na mapaa mekundu yenye matundu, na mama mmoja aliyeuza nyanya kando ya ukuta wa karakana alihamisha meza yake hadi ng'ambo ya barabara, akapoteza wateja, kwa sababu ya kikohozi. Mwenye karakana, baada ya kuitwa na wakubwa mara mbili, akajenga mnara.

Nieleze mnara huo, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa nilichomfanyia marehemu, na kutouelewa ndiyo iliyokuwa dhambi yangu ya kwanza. Ulikuwa pipa refu la plastiki nene, kama watu watatu wamesimamiana mabegani. Feni iliuvuta mvuke kutoka juu ya birika la asidi na kuusukuma ndani ya mnara kutokea chini. Pampu ilipandisha maji hadi juu na kuyanyunyiza yateremke. Kwa hiyo hewa chafu ilikuwa inapanda, maji yanashuka, na vikutane katikati ili maji yaifyonze asidi na hewa itokee juu ikiwa safi. Lakini hewa na maji vikiachiwa pipa tupu hupishana tu kama watu wasiojuana. Ndiyo maana katikati ya mnara hujazwa vitu vya kuyachelewesha maji na kuyatandaza, ili hewa ipate pa kugusana nayo. Swali la ni vitu gani vijazwe humo ndilo lililotugombanisha, ingawa kwa kweli aliyegombana alikuwa yeye peke yake. Mimi nilikuwa nacheka.

Mwenye karakana alinialika niuone mnara wake. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye mkono wazi, na aliniandalia kuku wa kienyeji kabla hata sijaona chochote. Tulipotoka nje alipiga kiganja kwenye ubavu wa pipa. "Humu ndani nimejaza mawe ya chokaa, mwandishi. Mawe ya hapa hapa Tororo. Wanaojiita wataalamu walitaka niagize vitu kutoka ng'ambo ya bahari, mimi nikasema, Mungu ametupa mawe." Nilipanda ngazi, nikasogeza pua karibu na mdomo wa mnara, sikusikia harufu yoyote. Mama wa nyanya alikuwa amerudisha meza yake ukutani. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu na kunusa kwa pua yangu, na mwandishi wa safu anataka nini zaidi? Niliposhuka, mtu mmoja mwembamba aliyevaa ovaroli ya buluu, aliyekuwa amesimama karibu na pampu muda wote, akanisogelea. "Mwandishi," alisema, "rudi baada ya miezi mitatu." Mwenye karakana akacheka, akamshika bega. "Huyu ndiye fundi wangu wa mnara. Kila kitu kwake ni miezi mitatu."

Siku mbili baadaye fundi yule alivuka mpaka kwa miguu kunitafuta. Alinikuta kwenye hoteli ninapokunywa chai kila asubuhi, akaketi bila kuagiza kitu, akatoa chupa mbili za soda za plastiki kwenye mfuko. Alikuwa amezikata vitako, akazifunga vipande vya chandarua midomoni, akazigeuza kichwa chini. Moja alikuwa ameijaza vijiwe. Nyingine ameijaza vipete vidogo, kama ukucha wa kidole gumba, alivyovikata kwenye paipu nyembamba za plastiki zinazopitishwa nyaya za umeme. Akaniambia nipulize kwenye ile ya mawe. Nilitazama huku na huku, hoteli imejaa mawakala wa kutoa mizigo forodhani na madereva wa malori. "Mbele ya watu?" nikamuuliza. "Puliza, mwandishi." Nikapuliza mashavu yakavimba, hewa ikapita kwa taabu. Nikapuliza ile ya vipete, hewa ikapita kama hakuna kitu ndani. Akachukua chai yangu ya rangi, tena bila kuniomba, akamimina nusu kwenye kila chupa. Katika mawe, chai ilitafuta njia moja ubavuni, ikateremka nayo hiyo hiyo, na mawe mengi ya katikati yakabaki makavu. Katika vipete ilitapakaa kote, kila kipete kikalowa nje na ndani.

"Hewa na maji lazima ikutane," alisema kwa Kiswahili chake cha upande ule, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Nakutana kwa ngozi ya hii kitu. Jiwe iko na ngozi ya nje tu. Pete iko na ngozi ya nje, iko na ya ndani, na katikati iko wazi, hewa napita." Akatoa kijiwe kingine mfukoni, akamwomba mhudumu kipande cha limau, akakikamua juu ya jiwe. Povu dogo likachemka. "Umeona? Sasa mnara nafanya kazi kwa sababu jiwe nakubali kuliwa. Hiyo ndiyo ulinusa. Lakini jiwe likiliwa nabaki matope, na matope naziba. Sasa hewa ikikosa njia ya juu, narudi wapi?" Nilitaka kujibu kwa mzaha lakini hakuniachia nafasi. "Narudi kwa watu," alisema. Alikuwa amewahi kutunza minara kama ile katika kiwanda kikubwa upande wa Kenya, miaka tisa, huko wanakotumia pete za udongo wa kuchoma zilizoagizwa. Yeye hakudai pete za kuagizwa. Alisema hata za plastiki zinatosha, maana asidi ile haili plastiki. Nikamuuliza anataka nifanye nini. "Usiandike kwanza. Ngoja. Ukishindwa kungoja, andika yote mbili, ya bosi na ya mimi."

Sikungoja, wala sikuandika yote mawili. Siku ya kupeleka makala ilikuwa imefika, kichwa changu kilikuwa kitupu, na mtu aliyemfanya mwandishi mzima apulize chupa hotelini ni zawadi kwa safu kama hii. Niliusifu mnara wa mawe, nikausifu werevu wa kutumia mali ya nyumbani. Kisha nikamleta fundi asiye na jina, mwenye chupa mbili na limau, ambaye alitaka mnara ujazwe pete. Nikaandika kwamba mnara si bibi harusi hata uvishwe pete, na kwamba ikiwa fundi ameshikilia basi yeye na awe bwana harusi, sisi tutaleta vigelegele. Ulimi hauna mfupa, na kalamu ndiyo kabisa. Barua na ujumbe wa simu zilikuja nyingi wiki ile kuliko wiki yoyote ya mwaka. Nilizisoma zote kwa furaha. Sikujua, au niseme sikutaka kujua, kwamba mwenye karakana aliikata makala ile akaibandika kwenye ubao wa matangazo getini, na kwamba tangu siku hiyo fundi alipoingia kazini asubuhi wenzake walimpokea kwa vigelegele. Baada ya wiki mbili aliondolewa kwenye mnara akapelekwa uwanjani kupakia minyororo kwenye malori. Bosi alisema mnara hauhitaji tena mtu wa kuuangalia, hata gazeti limesema.

Yaliyotokea mwezi wa tano baada ya makala ile nilisimuliwa baadaye na mama mmoja aliyekuwa akisuuza vyuma pale ndani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Feni, aliniambia, ilibadilisha sauti, ikawa inanguruma kama gari lililokwama kwenye tope. Kisha akaona juu ya birika la asidi kumetanda ukungu mweupe ambao haukuwa ukienda popote. Mtu akapiga kelele, watu wakakimbilia mlangoni, wengine wakikohoa hadi kutapika. Walipohesabiana nje wakaona hawapo wote. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga minyororo upande wa mbali wa birika hakuwa ametoka. Fundi alikuwa uwanjani, hakuwa na kazi yoyote ndani ya jengo lile tena. Alivua shati, akalichovya kwenye ndoo ya maji, akajifunga puani, akaingia. Alikaa ndani, yule mama alisema, muda wa kusali Baba Yetu mara mbili, maana alikuwa akisali na alimaliza mara mbili. Akatoka akimburura mzee kwa mikono, macho yake mwenyewe yamefumba. Wote wawili walilazwa. Mzee alipona. Fundi naye alirudi kazini, ila kikohozi kilikaa naye hadi msimu wa mvua. Walipoufungua mnara, mawe ya Tororo yalikuwa yamekwisha kuwa tope la kijivu, zito kama uji ulioganda, na hakuna hewa ambayo ingepita humo hata kwa kusukumwa na feni kumi.

Habari hizo zilinifikia siku ya tatu, kwa simu ya rafiki. Na hapa, wasomaji wangu, nawaomba mnivumilie, kwa sababu ndipo ninapoona aibu zaidi. Nilijiambia kwamba hakuna aliyekufa. Nilijiambia kwamba jambo hilo ni la upande wa pili wa mpaka na lina wenyewe. Mwenye karakana alinipigia, sauti yake haina tena ucheshi, akaniomba nisiandike chochote mpaka atengeneze mambo, nami nikamkubalia haraka kuliko alivyotarajia. Wiki ile niliandika kuhusu bei ya sukari.

Hata hivyo usingizi haukuwa mzuri, na Jumapili moja baada ya mwezi hivi nilikwenda kumwona. Nilichukua pikipiki kutoka Tororo hadi Nagongera, nikiwa nimebeba mkate, majani ya chai na sentensi moja niliyoikariri njia nzima: Ndugu yangu, nilikukosea, nisamehe. Nilimkuta barazani pa nyumba yake, yeye na mke wake, mwenyeji wa Kwapa, na binti zao wawili wakubwa. Wote walikuwa wamevaa nguo za kanisani bado, wamezungukwa na vipande vya paipu za plastiki, wanakata. Bosi alikuwa amemwambia kwamba sasa anaweza kujaza mnara kwa chochote apendacho, mradi asiombe kununuliwa kitu. Basi alikuwa amezunguka kwa mafundi bomba wa Busia na Tororo akiomba makombo ya paipu. Alinikaribisha, akapokea mkate kwa mikono miwili, akaniuliza habari za nyumbani na za mpakani. Kisha akanipa msumeno wa chuma. "Kata," alisema. "Urefu iwe sawa na upana wake."

Nilikata. Mkono wangu umezoea kalamu, na baada ya pete ishirini ulikuwa na malengelenge. Aliziokota pete zangu moja moja, akazipima kwa jicho, nyingine akazitupa kando. "Yako ni refu, mwandishi. Refu sana nalala pamoja kama kuni, nabanana." Nikafupisha. Nikamuuliza watazipangaje ndani ya mnara, kwa kuwa zilikuwa maelfu. Mke wake akacheka kabla yake, maana inaonekana hata yeye aliwahi kuuliza swali hilo. "Haipangwi," fundi akasema. "Namwaga tu, kila moja iangalie upande wake. Ukipanga vizuri, unachorea maji barabara, nateremka moja kwa moja bila kugusa ingine." Akakohoa, akageuza uso, akafuta mdomo kwa kitambaa, akaendelea kukata. Nilimtazama mgongo wake na nikajua kwamba sasa ndio wakati wa ile sentensi yangu. "Fundi," nilianza, "ile makala yangu..." Msumeno wake ukasimama. Wa mke wake pia ukasimama. "Makala gani?" aliuliza, si kwa ukali. "Wewe naandika nyingi." "Ile ya mnara," nikasema. "Nitaandika nyingine." Alinitazama kidogo, kama mtu anayesubiri kuona kama kuna kilichobaki kwenye chupa. Kilichobaki hakikutoka. "Sawa," akasema. "Nangoja." Na misumeno ikaanza tena. Hivyo ndivyo nilivyokwenda Nagongera kuomba msamaha nikarudi nimeacha ahadi mahali pake.

Mnara ulifanya kazi. Nilikwenda kuuona mara mbili. Mara ya kwanza ulisumbua, kwa sababu plastiki mpya hukataa maji, yanateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba, na fundi alinieleza kwamba itabidi izoee. Aliongeza matundu ya kunyunyizia kule juu ili maji yaanguke kila mahali na si katikati tu. Mara ya pili, miezi minne baadaye, feni ilikuwa inaimba kwa sauti nyepesi, mama wa nyanya yuko ukutani, na nilipopanda ngazi na kusogeza pua sikusikia kitu. Nilikumbuka kwamba hata ile siku ya kuku wa kienyeji sikuwa nimesikia kitu. Harufu ya siku moja ndiyo niliyoitolea hukumu, ilhali yeye alikuwa anahesabu miezi. Tulipeana mikono. Hakuniuliza kuhusu makala. Alisema tu kwamba atanyanyua kifuniko kila baada ya mwaka, azioshe pete, azirudishe.

Mbona basi sikuandika? Nimejiuliza wiki nzima hii. Kulikuwa na uchaguzi, kukawa na mgomo wa madereva mpakani, kukawa na mambo ya mafuta, na kila jambo lilidai nafasi yake. Baadaye nikasema habari imepoa. Lakini hayo ni majibu ya kumpa mhariri. Ukweli ni kwamba nisingeweza kuandika jinsi mnara ulivyopona bila kuandika nani aliyesaidia kuuua. Kuna jambo jingine pia, linalotuhusu sote tunaoandika na tunaosoma. Kazi ya mtu kama yule ikifanyika sawasawa, hakuna kinachotokea. Bati halitoboki, mama wa nyanya hakohoi, wafanyakazi wanarudi nyumbani jioni wakilalamikia ubovu wa barabara. Gazeti halina ukurasa wa mambo ambayo hayakutokea. Tunamsubiri mtu aanguke ndipo tupeleke kamera, au tunamsubiri aseme jambo tusilolielewa ndipo tupeleke mzaha. Miji yetu hii ya mpakani sasa imejaa karakana ndogondogo, kila moja ina birika lake na moshi wake, na ndani ya kila moja yuko mtu mmoja mnyamavu anayejua kitakachoharibika na lini. Sisi tunaalikwa na mwenye mali, tunakula kuku wake, tunaondoka na kauli yake. Nami sikuwa na kisingizio cha kutoambiwa. Niliambiwa. Nilipuliza chupa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilikwenda mazikoni Ijumaa. Watu walikuwa wengi, wakiwemo wengi wa karakana, na yule mzee wa minyororo alikaa kwenye kiti mbele kabisa, kofia magotini, hakuinua uso wakati wote wa ibada. Wengine bado walimwita marehemu Bwana Harusi, kwa mapenzi sasa, kama jina la utani linavyogeuka na kuwa jina tu. Kila lilipotajwa nilitazama chini. Nilimuuliza ndugu yake mmoja alikuwa na maradhi gani. Akasema kifua, kisha akasema moyo, kisha akasema madaktari walisema vingi. Alianza kudhoofika mwaka jana. Sina ushahidi wa kuunganisha kifua hicho na asubuhi ile, na daktari hakuuandika. Sisemi kwamba niliua mtu. Nasema kwamba sitajua kamwe, na kwamba nimestahili kutojua.

Baada ya maziko nilimfuata mjane kumpa pole. Alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake, nikachutama mbele yake. Nilianza kujitambulisha, akanizuia kwa mkono. "Nakujua. Wewe ndio ulikata pete refu." Wanawake wakatabasamu kidogo, naye pia. Kisha tabasamu likamtoka. "Baba ya watoto alikuwa nanunua ile gazeti yenu kila wiki," alisema. "Kila wiki, hata akiwa kitandani, natuma mutu Nagongera. Nafungua kwanza pahali yako. Mimi nauliza, wewe natafuta nini kwa huyu mutu? Yeye nasema, pengine leo." Hakulisema kwa chuki. Angelisema kwa chuki ningekuwa na mahali pa kushika.

Miaka mitatu, wiki kwa wiki, mtu alifungua ukurasa huu akitafuta maneno machache yanayomhusu, akakuta bei ya sukari, akakuta vichekesho vyangu kuhusu wakwe na vikao vya harambee, akaukunja, akangoja wiki nyingine. Mara nyingi tunawafundisha vijana wa kazi hii kwamba kosa kubwa ni kuandika kabla ya kuelewa. Mimi nilifanya hilo, nami najuta. Lakini nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine kwamba lipo kubwa kuliko hilo, nalo ni kuelewa kisha usiandike. La kwanza lilinichukua asubuhi moja, na mtu angeweza kuliita ujinga. La pili nililitenda kila wiki, nikiwa macho, nikiwa na akili timamu, nikiwa na kalamu mkononi. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, ikiwa kuna mtu uliyemsemea vibaya mbele ya watu ukaja kujua kwamba ndiye aliyekuwa na haki, usimpelekee mkate. Usimwahidi. Rudi palepale uliposemea, mbele ya watu walewale, useme kwa sauti ileile, na useme angali anasikia.

Mimi nimechelewa, lakini ukurasa ni ule ule. Mawe ya chokaa hayakufaa mnara ule, na pete zilifaa. Fundi alisema hivyo mapema, akaeleza sababu, akaonyesha kwa chupa na limau, na alikuwa sahihi katika kila neno. Mimi nilikosea. Nisamehe, ndugu yangu.